Ungamo la Darasa la Sita

Kwa miaka kumi na moja nilimdharau mwalimu wa darasa la sita, na wala sikuficha. Mimi nilifundisha la tano. Kati ya darasa langu na lake palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo nilimsikia kutwa nzima na ile sauti yake ya kubembeleza, utadhani anafundisha wagonjwa. Kila mwanzo wa mwaka nilimkabidhi watoto niliowanoa mwenyewe, wanaojua kusimama wima na kujibu kwa sentensi kamili. Naye anawapokea mlangoni mmoja mmoja, anawashika mkono, anawauliza kama wamelala vizuri. Wamelala vizuri! Watoto wa miaka kumi na miwili, wenye ndevu zinazokaribia kuota.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio ya walimu tu. Sisi wengine tulimwita Sawatu, kwa sababu hilo ndilo jibu pekee alilokuwa nalo. Mwambie zamu yake ya kusimamia uwanja imeongezwa wiki nzima: "Sawa tu." Mwambie likizo yake imekatwa kwa kuwa kwaya inahitaji mtu wa kuwafungulia milango: "Sawa tu." Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, Mkuu wa shule alilitaka kabati lake, ambalo lilikuwa na kufuli nzima, ili awekee majoho ya kwaya. Sawatu alitoa vitu vyake, akavipanga sakafuni kando ya meza, akasema sawa tu, kisha akasaidia kulibeba hilo kabati hadi kanisani. Mimi nilisimama na kikombe changu cha chai nikimtazama mtu mzima wa miaka hamsini na minne akitoa jasho kwa ajili ya kabati aliloporwa. Nikajiambia kuna watu hata ukiwavua shati watakuuliza kama unataka na suruali.

Mke wake alifariki zamani, watoto hawakujaliwa. Aliishi na dada yake mkubwa nyuma ya duka la fotokopi, kila mmoja na chumba chake. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, wakati sisi wenye akili tupo nyumbani tunanyoosha miguu, yeye alikuwa darasani na nyundo. Anapitisha kiganja juu ya kila benchi akitafuta msumari uliochomoza, kwa sababu eti mwaka fulani msumari ulichana sketi ya mtoto na mtoto akachekwa hadi mwaka ukaisha. Halafu anajalidi madaftari ya darasa zima kwa karatasi ya kaki, anachora mstari kwa rula, anaandika jina la kila mtoto kwa mwandiko wa polepole. Watoto thelathini na wanne, madaftari saba kila mmoja. Nani alimtuma? Hakuna. Nilimwuliza siku moja kwa nini asiwaachie wazazi hiyo kazi, akanijibu kwamba si wazazi wote wana nafasi, na kwamba mtoto akiingia la sita akute jina lake limeandikwa vizuri, ataona alikuwa anasubiriwa. Niliwahadithia wenzangu jibu hilo wakati wa chai, na nikaigiza sauti yake. Walicheka sana, hasa mwalimu wa la nne, msichana mmoja mwenye meno mazuri ambaye alicheka kila nilichosema.

Shule yenyewe ni mali ya kanisa, na haikupi nafasi ya kulisahau hilo. Mistari ya Biblia imeandikwa kwa rangi ya bluu kila ukuta, hadi kwenye mlango wa choo cha walimu, choo ambacho maji hayajawahi kufika. Darasa la sita ndilo fahari yao. Hapo ndipo mtoto anapovaa tai kwa mara ya kwanza, tai nyekundu yenye msalaba mdogo wa dhahabu, na siku ya kufungua shule wazazi wanajaa uwanjani kana kwamba kuna harusi. Akina mama wanazifungua zile tai zilizofungwa vizuri na kuzifunga upya, ili waonekane wanazishika. Akina baba wanapanga foleni kupiga picha na Mkuu, naye anavuta tumbo ndani na kuweka mkono juu ya kichwa cha mtoto asiyemjua hata jina.

Na tai hiyo huipati bila barua. Kila familia inayopandisha mtoto la sita lazima ilete barua ya mchungaji inayothibitisha kwamba wanahudhuria ibada kila Jumapili. Sharti hilo lilitungwa na Mkuu, ambaye ni shemeji wa mwenyekiti wa bodi na ambaye tangu nimjue hajawahi kumaliza kufundisha mada hata moja. Wazazi ambao kanisa wanalijua kwa picha za harusi tu walileta barua safi zenye mihuri miwili. Kila mtu alijua ni uongo. Mkuu alijua kuliko sote, kwa sababu nyingine zilichapwa na karani wake mwenyewe, humo humo ofisini, mashine ikigonga na mlango ukiwa wazi.

Halafu kuna Ungamo. Jumatatu ya kwanza ya mwaka, kila mtoto wa la sita anapewa nusu karatasi na kuandika dhambi inayomsumbua, bila jina. Mwalimu wa darasa anazikusanya na kuzifunga ndani ya bahasha. Ijumaa, mbele ya shule nzima na wazazi, zinachomwa kwenye karai, kwaya ikiimba, Mkuu akinyoosha mikono. Mwaka mpya, moyo mpya. Wazazi wanalia, na moshi nao unawasaidia.

Jumatatu ya mwaka huu ninaousimulia nilimsikia Sawatu kupitia ukuta wetu.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Andika lile linalokusumbua kweli. Usiandike la kumfurahisha mwalimu. Hakuna mtu atakayesoma. Mimi sisomi, Mkuu hasomi, mama yako hasomi. Zitakwenda motoni kama zilivyo. Nawapa neno langu."

Neno lake! Nikamgeukia mwanafunzi aliyekuwa anapiga miayo dawati la mbele nikamtandika swali gumu, ili nisicheke kwa sauti.

Jumanne wakati wa mapumziko Sawatu aliitwa kwenda kushika ngazi, kwa kuwa fundi wa Mkuu alikuwa anabadilisha taa ya ukumbini. Alikwenda, bila shaka sawa tu. Bahasha aliiacha kwenye droo ya meza yake ya ofisi ya walimu, chini ya rula na visanduku vya chaki. Kabati la kufungia hakuwa nalo tena. Mimi nilijua ilipo kwa sababu nilimwona akiiweka, na kwa sababu mimi ni mwanamke wa kuona.

Hapa sitajitetea. Niliitoa ile bahasha, nikaipasua juu, nikakaa kwenye kona ya meza yake, miguu ikining'inia. Walikuwepo walimu wenzangu wanne ofisini. Mwalimu wa la nne akaanza kucheka kabla sijasoma neno.

"Kimya, waumini," nikasema kwa sauti ya Mkuu. "Tusikie siri za moyo."

Ya kwanza: mtoto alimwombea bibi yake afe ili wahamie chumba chake, bibi hakufa, anaomba msamaha mara mbili. Tulicheka hadi machozi. Ya pili alimnywesha mdogo wake maji ya sabuni. Ya tatu ilisema, "Mwaka jana nilimchukia mwalimu wa la tano kila siku isipokuwa Jumamosi." Hiyo niliisoma kwa sauti kubwa kuliko zote, nikacheka kuliko wote, na nikamtaja aliyeandika. Mtoto wa fundi viatu, nikasema, mtazameni, hata herufi zake zinaburuza miguu.

"Ina maana unawajua kwa mwandiko?" mwalimu wa la nne akauliza, macho yamemtoka.

Basi kichwa kikavimba. Mimi nilikuwa nimesahihisha insha za watoto hao mwaka mzima, insha mbili kila wiki, kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia nipe yoyote. Akachomoa, nikataja. Akachomoa nyingine, nikataja. Wenzangu wakasogea, wengine wakabaki wamesimama na vikombe mkononi, na mimi nikawa kama mpiga ramli wa sokoni. Halafu akachomoa moja, akanipa, nikaisoma yote kabla sijafikiri.

"Barua yetu ya mchungaji ni ya uongo. Jumapili hatuendi kanisani kwa sababu mama anafua mashuka hospitali na mimi nabaki na mdogo wangu. Mama alilia siku aliyoileta. Mungu usimwadhibu mama, mimi ndiye niliyetaka tai."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa la nne alifunga mdomo juu ya meno yake mazuri. Kama ningekuwa mtu wa maana, ningeikunja ile karatasi nikairudisha ndani. Lakini walikuwa wananingoja, na mimi sikutaka kushindwa na moja.

"Binti wa mfuaji wa hospitali," nikasema. "Nani mwingine anaandika kwa kubana hivyo, utadhani karatasi zinakwisha duniani?"

Nilipoinua macho, Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwepo tangu lini. Alinyoosha mkono, na mimi nikampa karatasi na bahasha yake.

Kabla ya kipindi kinachofuata tuliitwa ofisini kwake, mimi na Sawatu. Sawatu bado alikuwa na vumbi la ukumbini mabegani. Aliiangalia karatasi iliyo mbele ya Mkuu, akaiangalia bahasha iliyopasuliwa, kisha akaniangalia mimi. Nilitazama kalenda ukutani.

"Mwalimu," Mkuu akasema, "kuna mtoto ameidanganya shule ya Bwana. Tena kwa maandishi. Alhamisi mama yake aje hapa. Mwandikie barua ya wito."

"Nani ameifungua bahasha?" Sawatu akauliza.

"Hilo si hoja."

"Ni hoja, Mkuu. Niliwaambia watoto hakuna atakayesoma."

"Uliwaambia wewe. Mimi sikuwaambia."

"Ulinituma nikawaambia. Kila mwaka unanituma."

Mkuu akaegemea kiti. Nilimjua anavyofikiri. Barua za uongo katika lile darasa zilikuwa zaidi ya ishirini, lakini wenye nazo walikuwa wenye magari, mmoja alikuwa mjumbe wa bodi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga wa kuandika. Hii ilikuwa na maandishi, na mwenye nayo alikuwa mfuaji. Angepata kuitaja kwenye kikao cha bodi na kuonekana mlinzi wa imani bila kumgusa mtu mwenye jina.

"Andika barua, Mwalimu," akasema.

Nilingoja jibu lake la kila siku. Nilikaribia kumsaidia kulitamka.

"Siandiki," Sawatu akasema.

"Unasemaje?"

"Siandiki, Mkuu. Tulimwambia aungame, akaungama. Tukimfukuza kwa hilo, tutakuwa tulimtega. Naomba hiyo karatasi irudi kwenye bahasha, Ijumaa ichomwe na zingine."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya kubembeleza. Mkuu alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyemtaja. Una hakika? Nisije nikamwita mzazi wa watu bure."

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, mpana, hata gari lingepita. Nilikuwa natania, Mkuu. Miandiko ya watoto inafanana, Mkuu. Karatasi haina jina, siwezi kula kiapo. Maneno yote hayo nilikuwa nayo, na Sawatu alikuwa ananitazama kama mtu anayemngoja mwenzake ashike upande wa pili wa meza nzito.

"Au na wewe umri umeanza?" Mkuu akaongeza, huku anatabasamu. "Umeanza kuwasahau watoto wako?"

Mimi? Niliondoka pale, nikaenda darasani kwangu, nikafungua sanduku la madaftari ya mwaka uliopita. Nikatoa daftari lake la insha, nikarudi nalo, nikaliweka mezani kando ya ile karatasi na kulifungua katikati. Hakuna aliyeniomba daftari. Nilimwonyesha Mkuu kwa kidole jinsi mistari inavyobanana, jinsi anavyokandamiza kalamu mwisho wa neno, kama ninavyowaonyesha watoto makosa yao. Hata nilimwambia kwamba ile insha ilipata alama ya juu kuliko zote.

"Safi," Mkuu akasema. "Huyu ndiye mwalimu."

Nje kwenye veranda Sawatu alinisimamisha.

"Dada," akaniambia, "umefanya jambo baya sana."

"Mtoto amedanganya, mimi nifanyeje? Nimfiche?"

"Ndiyo," akasema. "Umfiche."

Nilimcheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilimcheka, maana nilitaka sana jambo hilo liwe la kuchekesha.

Barua ya wito aliiandika karani. Kufikia Jumanne jioni watoto wote wa la sita walikuwa wanajua, kwa sababu dirisha la ofisi ya walimu linatazama bombani, na mimi sikuwa nimesoma kwa kunong'ona. Jumatano walipopita mbele ya darasa langu walinisalimia vizuri sana, mmoja baada ya mwingine, bila kuniangalia.

Alhamisi mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Alivaa viatu vya mpira vya kufulia, na mikono yake ilikuwa imekauka na kupauka kwa dawa ya mashuka. Mkuu hakumweka hata robo saa. Nilimwona kupitia dirishani akitoka ofisini kwake, akasimama uwanjani kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake, halafu akauliza njia na kuja ofisi ya walimu. Aliniuliza mimi. Nilidhani amekuja kunitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Nina ulimi, mfuaji asingeniweza.

"Mwalimu, nimekuja kukuaga," akasema. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu hana kosa. Ile barua niliitafuta mimi, nilimdanganya mchungaji wa watu kwamba Jumapili tunasali kanisa la upande wa pili. Nimemwuliza mtoto, mama, kwa nini uliandika? Akasema mwalimu wa la tano alitufundisha kwamba ukiandika jambo, liandike lilivyo, usilipambe. Basi nikasema lazima nimshukuru huyo mwalimu. Mimi shule sikufika mbali. Nyumbani hana wa kumfundisha hivyo."

Binti alisimama nyuma yake, tai ameikunja vizuri na kuishika kiganjani kwa ajili ya kuirudisha. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomkumbuka, ile miezi ya likizo ilimvuta. Alinitazama usoni. Alijua. Neno moja tu lingetosha, na yule mama angeiachia mikono yangu kama kaa la moto, tena mbele ya walimu wote waliokuwa wanajifanya wanasahihisha.

"Mama, utachelewa zamu," akasema. Akamvuta mama yake kwa mkono wa gauni, akaiweka tai kwenye kona ya meza iliyo karibu, na wakatoka. Sikuwa nimesema hata "karibu tena".

Nilirudi darasani kwa kuwa kengele ilikuwa imelia, na nikamkuta Sawatu anazungumza upande wa pili wa ukuta. Watoto wangu wa la tano walikuwa kimya wanasikiliza, nami sikuwakataza.

"Nilisema hakuna atakayesoma," alikuwa anawaambia. "Zimesomwa. Nilitoa neno langu, sikulilinda. Niliziacha droo isiyofungika, na zaidi ya hapo, kwa miaka mingi nilikubali kila kitu nilichoambiwa, hata kile kilichonifanya nisiwe na mahali pa kuziweka. Hilo ni kosa langu, si lenu. Naomba mnisamehe. Mwenzenu ametolewa shule kwa kusema ukweli, na mimi siwezi kusimama hapa kesho nikawaambia semeni ukweli. Sasa hivi nakwenda naye kumtafutia shule."

Mtoto mmoja akamwuliza kama yeye mwenyewe atarudi. Sawatu akasema hapana.

Alipita mbele ya mlango wangu amebeba begi la yule binti, madaftari saba yenye jalada la kaki yakiwa yamemzidi mkononi mwingine. Mama na mtoto walikuwa wanamngoja getini. Mkuu alitoka kwenye veranda akamwita, kwa jina lake halisi, lile la kwenye daftari la mahudhurio. Hakugeuka. Ndiyo mara ya mwisho kumwona pale. Baadaye tulisikia kwamba shule ya serikali ng'ambo ya barabara kuu ilimpokea binti kwenye darasa la watoto tisini, na kwamba Sawatu mwenyewe amepewa vipindi vya kujishikiza, na siku za kwanza alionekana na nyundo akipita benchi baada ya benchi. Mkuu alitutangazia kwamba ameacha kazi kwa utovu wa nidhamu. Mwalimu wa la nne alinitazama akingoja niseme kitu cha kuchekesha.

Ijumaa Ungamo halikufanyika. Wazazi waliambiwa ni kwa sababu ya hali ya hewa, na jua lilikuwa linawaka hadi mabati yanalia. Jumatatu yake Mkuu alinipa darasa la sita. Alisema nimethibitisha kwamba nawajua watoto. Aliniagiza tuanze upya, karatasi mpya, bahasha mpya, na Ijumaa wazazi waje. Alinipa na lile kabati la Sawatu, akawaondolea wanakwaya majoho yao. Kwangu lilirudi bila hata kuombwa.

Niliingia la sita na zile nusu karatasi. Wakasimama wima wote thelathini na watatu, kama nilivyowafundisha. Nilikaa kwenye kiti cha Sawatu, nikafungua mdomo, na nilichokikuta humo ni maneno yake.

"Andikeni lile linalowasumbua kweli," nikasema. "Hakuna atakayesoma."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeguna. Waliinamisha vichwa wakaandika haraka, bila kufikiri, wakakunja. Waliziweka mezani kwangu mmoja mmoja na kusema "Ahsante, mwalimu" kwa sentensi kamili. Mtoto wa fundi viatu aliikunja ya kwake mara nne.

Walipotoka nilifunga mlango nikazisoma. Ndiyo, nilizisoma. Mkuu hakuniagiza, na hakukuwa na mtu wa kumchekesha. Nilitaka tu kuona kama yuko hata mmoja aliyeandika kitu cha kweli, nikiapa moyoni kwamba nikikikuta, hicho nitakilinda hata kwa kazi yangu. Nilifungua moja, nikafungua ya pili, nikazitandaza zote mezani. Miandiko niliitambua yote thelathini na mitatu. Na zote, kwa maneno yale yale, kwa nukta mahali pake, zilisema, "Nilisahau kusali kabla ya kula."

Ijumaa zilichomwa. Kwaya iliimba, Mkuu akanyoosha mikono na kusema hajawahi kuona darasa lenye mioyo safi kama hili, na wazazi wakalia. Mimi ndiye niliyelishika karai. Watoto walisimama mbele yangu, tai zimenyooka, wakinitazama kwa adabu yote niliyowafundisha, na hapakuwa na hata mmoja kati yao ambaye angeniambia tena jambo la kweli.